Somo: Siku tatu Ukerewe na Ukara kwa miguu na baiskeli

Mgeni akifika Mwanza hupiga picha Jiwe la Bismarck, huvuka kwenda kisiwa cha Saanane kutazama swala na pimbi, kesho yake hao, Serengeti. Wenyeji nasi tumezoea kuona kwamba kutembea porini ni lazima kuwe Kilimanjaro au hifadhini. Mbele yetu, ndani ya Ziwa Victoria, kuna Ukerewe, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya ndani ya maziwa Afrika, na juu yake kaskazini kuna Ukara, ambako unaweza kutembea siku nzima bila kukutana na mtalii mwingine. Huhitaji kampuni ya utalii. Unahitaji miguu, adabu, na utayari wa kuendeshwa na saa za kivuko.

Hatua ya 1: Chagua siku

Juni hadi Septemba ndiyo miezi mikavu. Masika (Machi hadi Mei) na vuli (Oktoba hadi Desemba) radi na dhoruba huzidi ziwani, hasa usiku wa manane kuelekea alfajiri. Sikiliza utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa jioni kabla ya kuondoka, kisha waulize wavuvi mwaloni, pale wanapotia mitumbwi. Wakikuambia subiri, subiri.

Angalia pia siku ya gulio. Alhamisi, Septemba 20, 2018, kivuko cha MV Nyerere kilichoruhusiwa kubeba watu 101 kilitoka Bugorora, kaskazini mwa Ukerewe, siku ya gulio kikiwa kimejaa kupita kiasi, kikapinduka karibu kabisa na gati la Bwisya, Ukara. Watu zaidi ya 220 walikufa. Kivuko kingine kilipelekwa baadaye, lakini somo letu lina sharti moja lisilojadiliwa: chombo kikijaa, shuka. Vaa boya tangu unapopanda, usilikalie kama mto.

Hatua ya 2: Funga mzigo mdogo

Chandarua, tochi, koti la mvua, kofia, dawa ya kutibu maji au sufuria ya kuyachemshia, viatu vilivyokwisha kuzoea mguu. Simu na fedha taslimu ziwekwe kwenye mfuko usiopitisha maji. Chakula cha njiani nunua sokoni Mwanza: karanga na michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa juani. Michembe ni migumu ukiitafuna mikavu, lakini haiozi, haivuji, na ukiichemsha jioni unapata mlo kamili. Ukipata matobolwa, ambayo huchemshwa kwanza ndipo yakaushwe, chukua hayo. Ni laini zaidi na utamu wake umetulia.

Hatua ya 3: Mwanza hadi Nansio

Kata tiketi bandarini, uliza ratiba ya siku hiyohiyo kwa sababu hubadilika. Ukifika Nansio, mji mkuu wa Ukerewe, tafuta gesti, kula sato na ugali wa muhogo, na kodi baiskeli. Usitafute baiskeli ya gia. Chagua ile nzito ya kubebea mizigo, kagua breki na upepo mbele ya mwenyewe, na mkubaliane bei kabla hujaondoka.

Hatua ya 4: Vuka kisiwa

Kutoka Nansio kwenda Bugorora, unakopandia kivuko cha Ukara, unakata kisiwa kutoka kusini hadi kaskazini. Ondoka alfajiri. Njia ni ya mashamba ya muhogo, michungwa na mawe makubwa yaliyopandana. Machungwa ya Ukerewe yanasifiwa hadi Mwanza mjini. Nunua kwa mama aliyeyapanga barabarani, kaa kivulini, ongea naye. Mwenye siku ya ziada aende Rubya kwenye shamba la miti la serikali, ila aombe ruhusa ofisini kwao kwanza.

Hatua ya 5: Ukara, kwa miguu

Hapa ndipo nataka mtulie. Watu huja Ukara kwa ajili ya jiwe linalocheza, mwamba unaosemekana kutikisika, hulitazama, hugeuza. Wanaacha nyuma kitu cha ajabu kuliko jiwe, nacho ni kilimo cha Wakara.

Kisiwa ni kidogo, watu ni wengi, na udongo ni wa mchanga unaotokana na mawe ya matale, yaani graniti. Kwa hesabu ya kawaida ardhi hiyo ingekuwa imechoka zamani sana. Wataalamu wa kilimo walianza kuandika juu yake tangu miaka ya 1930, wakishangaa kwamba mashamba yanalimwa mwaka baada ya mwaka bila kupumzishwa. Siri ni samadi na kazi. Ng'ombe wachache hufungwa ndani, kwenye shimo lililochimbwa chini ya usawa wa sakafu, wakakatiwa majani na kuletewa. Samadi hujaa humo, hukanyagwa, kisha huchotwa na kubebwa kichwani hadi shambani. Kwenye uwele walipanda marejea, mmea wa jamii ya kunde unaofukiwa ardhini ukiwa mbichi ili kurutubisha udongo. Mtelemko ulizuiwa kwa kuta za mawe, na karibu na ziwa vikachimbwa vishimo vya kuoteshea majani ya mifugo.

Ukikaribishwa kwenye nyumba yenye zizi la namna hiyo, ingia taratibu, macho yazoee giza. Utamwona ng'ombe mgongo wake ukilingana na magoti yako, na pembeni mzigo wa majani mabichi. Uliza mzee wa nyumba amefanyaje. Mimi sijui darasa la kilimo linaloshinda hilo.

Baada ya hapo nenda kwenye jiwe, ukiongozana na mwenyeji. Mawe haya ni ya zamani mno, zaidi ya miaka bilioni 2.5. Yalipasuka na kulika kwenye nyufa yangali ardhini, udongo ukasombwa, yakabaki yamekaa moja juu ya jingine. Hiyo ni habari ya wanajiolojia. Wazee wanaolitunza wana yao, na pale wao ndio wenye neno.

Hatua ya 6: Kurudi

Vuka asubuhi. Usipange mkutano Mwanza jioni ya siku hiyo.

Maswali ya wanachama

*Mama wa Nyegezi: Naweza kuja na wanangu wakaogelea?*

Kuja njoo nao, dada. Kuogelea hapana. Kichocho cha tumbo kipo sana pwani hizi. Viluwiluwi vyake hutoka kwenye konokono wadogo, zaidi jua likiwa kali, na hupenya ngozi kwa dakika chache. Mkilowa, msikimbilie dawa siku ya pili, kwani prazikwanteli huua minyoo iliyokomaa. Pimeni choo baada ya wiki sita hadi nane. Na mamba wapo pia.

*Kijana wa Magu: Nina gari, nipitie wapi?*

Pitia Bunda hadi Kisorya, uvuke kwa kivuko kwenda Rugezi. Gari liache Nansio. Ukipita Ukerewe na vioo vimefungwa utakuwa umeona vumbi tu.

*Mwalimu wa Sengerema: Jiwe linapigwa picha?*

Omba kwanza. Ukiambiwa vua viatu, vua. Ukikataliwa, shukuru uende. Usilipande wala kuandika jina lako. Na wewe mwalimu, leta wanafunzi waone mashamba. Wana mengi ya kuuliza pale.

*Binti wa Ilemela: Naogopa maji. Nibaki nyumbani?*

Si lazima, mdogo wangu. Chagua chombo kikubwa cha abiria, kaa karibu na njia ya kutokea, vaa boya, na uishie Ukerewe safari ya kwanza. Mitumbwi iache.

*Babu wa Kisesa: Tunaweza kulala kwenye hema?*

Shikamoo babu. Mnaweza, mkishajitambulisha kwa mwenyekiti wa kijiji na mwenye eneo. Wekeni hema mbali na ukingo wa maji, kwa sababu viboko hutoka usiku kula majani, na palipo na njia yao pamelala chapa za miguu minene yenye vidole vinne. Mkiziona, hamisheni hema kabla giza halijaingia.