Kinasa televisheni cha Linux kikiharibu rekodi, anza na waya

Rekodi ya kompyuta ya Linux inayonasa vipindi vya televisheni ikitoka na picha inayokatakata, wengi hukimbilia programu. Wanafuta MythTV, wanaweka Tvheadend, wanabadilisha toleo la Linux, na picha inaendelea kukatakata vilevile. Mimi programu huigusa mwisho. Mashine iliyorekodi vizuri kwa miezi kisha ikaanza vituko bila mtu kuibadilisha chochote, mara nyingi kilichochoka ndani yake ni kitu cha kushikika kwa mkono.

Kabla ya kushika bisibisi, icheze rekodi mbovu mara mbili na uangalie inavunjika dakika gani, sekunde gani. Ikivunjika palepale kila mara, ubovu umo ndani ya faili, yaani uliingia wakati wa kurekodi: shuku antena, tyuna (kadi au kifaa cha USB kinachopokea mawimbi ya televisheni), diski, RAM au umeme. Ikivunjika mara hapa mara pale, huenda faili ni zima na shida iko upande wa kuonyesha, labda prosesa inayochemka au kebo ya HDMI iliyolegea. Ukiwa na tyuna mbili, rekodi chaneli moja kwa zote mbili kwa wakati mmoja. Zikikatika sekunde ileile, achana na kadi, kafuatilie vitu zinavyochangia: antena, kigawanyaji, pawasaplai, diski. Ikikatika moja tu, kagua kadi hiyo na waya wake.

Sasa fungua kasha, mashine ikiwa inawaka na inarekodi. Kwenye skrini nyingine weka `dmesg -wT`, ili ujumbe wa keneli, yaani kiini cha Linux, uupate papo hapo. Sukuma taratibu kwa kidole waya wa data wa diski, pale unapochomekwa kwenye diski na pale unapochomekwa kwenye madabodi. Waya mbovu hujitangaza wenyewe: mistari inayoanza na `ata` inamiminika, na katikati yake utasoma "hard resetting link". Maana yake keneli imekatiwa mawasiliano na diski na inayaanzisha upya. Mawimbi ya televisheni hayamsubiri mtu. Data inaendelea kuingia kutoka kwenye tyuna, bafa (hifadhi ya muda) inajaa, kinachozidi kinapotea. Ndiyo maana mtu anaweza kuilaumu antena yake muda wote na kumbe ni kijiwaya cha bei ya chini kabisa humo ndani.

Hakikisha kwa `smartctl -A /dev/sda`, amri inayosoma hesabu za afya ambazo diski hujiwekea. Mstari wa 199 huhesabu makosa ya data iliyoharibika njiani kati ya diski na madabodi. Hesabu hiyo hairudi nyuma hata ukiweka waya mpya, kwa hiyo usishtuke kuikuta kubwa. Iandike, badilisha waya, rekodi siku chache, uisome tena. Ikisimama palepale, umemaliza. Mstari wa 5 na wa 197 ni habari nyingine kabisa: wa 5 ni sekta zilizokwisha kuhamishwa, wa 197 ni zile ambazo diski imeshindwa kuzisoma na bado haijaziamulia. Ukiona wa 197 unapanda, nakili rekodi unazozipenda leo, diski mpya ifuate. Hapo hakuna cha kutengeneza.

Pawasaplai ndiyo inayonichosha zaidi, kwa sababu huvaa sura ya ubovu wa kila kitu kingine. Weka multimita kwenye waya wa njano na mweusi wakati diski zote zinazunguka na tyuna zote zinafanya kazi. Kwa kipimo cha ATX, volti 12 inaruhusiwa kucheza kati ya 11.4 na 12.6, waya mwekundu, wa volti 5, kati ya 4.75 na 5.25. Ikitoka nje ya hapo, itupe. Ikibaki ndani, bado usiiachie huru: multimita ya kawaida haionyeshi umeme unaotetemeka haraka, na kapasita zilizovimba kichwani huleta mtetemo wa namna hiyo hasa. Azima pawasaplai nzima ujaribu nayo. Yako usiifungue, maana ndani hubaki na chaji kali hata baada ya kuchomolewa ukutani.

Kwa wanaotumia dishi kuna dalili moja tamu: chaneli zinapotea kwa kundi. Kadi huipelekea LNB (kile kichwa cha dishi kinachopokea mawimbi) volti kama 13 kuchagua mawimbi ya wima na volti kama 18 kuchagua ya mlalo. Chaneli za mlalo zikitoweka zote huku za wima zikiwa salama, pima volti kwenye kiunganishi cha kadi, kisha mwisho wa waya kule kwenye LNB. Ikitoka 18 na kufika pungufu sana, tatizo ni waya au viunganishi vilivyoingia maji. Isipotoka kabisa, kadi imechoka, au ule mkia wake wa umeme kutoka pawasaplai haukuchomekwa.

Tyuna ya USB inayopotea katikati ya rekodi mara nyingi ina njaa tu. Tundu la USB 2.0 hutoa miliampea 500. Ipe habu yenye umeme wake kabla ya kuisema vibaya. RAM nayo iachie Memtest86+, programu ya kuijaribu, usiku kucha. Kosa moja tu likitokea, mashine hiyo si ya kuaminiwa.

Kinasa kikigoma kuamka chenyewe kurekodi, jaribu `rtcwake -m off -s 300` kama root, mtumiaji mwenye mamlaka yote. Kitazimika, na baada ya dakika tano kinatakiwa kuwaka. Kikiwaka, madabodi ni nzima, karekebishe ratiba kwenye programu. Kikilala moja kwa moja, ingia BIOS uangalie mpangilio wa ErP, ambao kwenye madabodi nyingi hukata umeme wa akiba unaohitajika kuiamsha mashine, uzime. Saa ikiwa inapotea kila unapochomoa mashine ukutani, badilisha betri ya CR2032.