Jumapili saa kumi na moja jioni, chuoni

Mdogo wangu unayeripoti chuo mwaka huu, naanza na saa. Kukumbuka nyumbani hakukukamati siku nzima, kuna wakati wake. Mimi kulikuwa kunanikuta Jumapili kuanzia saa kumi na moja jioni: nguo nimeshaanua, kesho kuna vipindi, upepo wa Dodoma unagonga madirisha, moyo uko Bukoba. Wiki ya kwanza chunguza saa yako ni ipi, uipangie shughuli kabla haijakukuta kitandani. Nilijiunga na kwaya kwa sababu hiyo tu, mazoezi yalikuwa Jumapili jioni.

Nyumbani piga simu, ila si saa hiyo. Nilikuwa nampigia mama usiku nikilia, naye halali hadi alfajiri. Nikahamishia mchana, nikitoka kula, na kila siku nina jambo moja la kumsimulia, hata bei ya nyanya. Naye ananiambia mgomba upi umeanguka. Mazungumzo yetu yakarudi.

Kula peke yako ndiko kunakoumiza zaidi, hasa bumu, yaani pesa ya mkopo ya kujikimu, likichelewa ukaanza kujifungia ili watu wasijue huna hela. Usijifungie. Novemba ya mwaka wangu wa kwanza, msimu wa senene, wale panzi tunaowala kwetu Bukoba, mama alinitumia kwa basi kindoo cha senene wa kukaanga. Nilikifungua kitandani, nimejifunika shuka, nile mwenyewe. Harufu ya vitunguu ikanitoa machozi. Binti wa Lindi aliyelala kitanda cha juu akainamisha kichwa: "Shoga, unalia au unakula?" Nikamwonesha. Akarudi nyuma hadi ukutani, kisha akashuka, akachukua mmoja, akafumba macho, akatafuna. "Kama dagaa," akasema, mkono ukarudi kwenye kindoo. Tangu siku ile tulichanga: yeye unga na korosho za kwao, mimi maharage.

Umoja wa wanafunzi wa mkoa wenu nenda, kilugha kinapoza moyo. Lakini usiishie hapo, maana ukizungukwa na watu wa kwenu tu, chuo chenyewe kitabaki ugenini mpaka unahitimu.

Ila kama wiki mbili zimepita hulali, chakula hakishuki, vipindi huingii, au unawaza bora usiwepo, hilo ni kubwa kuliko kwaya na senene. Nenda ofisi ya mlezi wa wanafunzi leo hii, omba kuonana na mshauri nasaha. Miguu ikigoma, mwambie mwenzako akusindikize. Mimi nilimsindikiza mmoja. Tulikaa kwenye benchi la nje robo saa nzima, mikono yake katikati ya magoti, hatusemi kitu, ndipo akainuka kugonga mlango. Alipotoka aliniambia ana njaa.