Somo: Ununue matanga mangapi, na ya ukubwa gani, kwa upepo wa Mwanza?

Wakuu, habari za jioni. Nilipomwambia shangazi kwamba akiba yangu imeishia kwenye matanga, aliuliza nani kafariki. Hakufa mtu. Nasema matanga ya ubao, yale ya mchezo wa windsurfing, unasimama peke yako juu ya ubao majini ukiwa umelishika tanga kwa mikono, na mlingoti unainama kila upande. Nimeulizwa sana "ninunue la ngapi?", basi jibu liwe hapa moja kwa wote.

Mimi nilianza vibaya. Mgeni aliyekuwa anahama aliniuzia mawili kwa mkupuo, la 4.0 na la 8.5 (hizo ni mita za mraba), bei ya kutupa. Mwaka mzima la 4.0 lilitoka kwenye mfuko mara mbili. La 8.5 nalo, upepo wa alasiri ukikolea tu, lilinibwaga kama gunia. Upepo wa siku nyingi ulikuwa wa katikati, na katikati sikuwa na kitu. Kwa hiyo anza na tanga la katikati, hayo mengine yatafuata.

Hatua ya kwanza: ujue upepo wako

Chukua daftari, andika wiki nne. Huku kusini mwa ziwa, asubuhi upepo hutoka nchi kavu kwenda ziwani. Jua likishapasha ardhi unageuka, unaanza kuja kutoka ziwani, upande wa kaskazini-magharibi. Huo wa alasiri ndio wa kununulia tanga. Wa asubuhi, hata ukiwa mtamu, unakusukuma mbali na mwalo, na ukichoka utaomba lifti kwa wavuvi wa dagaa.

Kama huna kipima upepo, soma maji. Povu jeupe likitokea moja moja hapa na pale, ni kilomita 12 hadi 19 kwa saa. Likiwa la mara kwa mara, 20 hadi 28. Ziwa likijaa povu na matone yameanza kuruka, 29 hadi 38. Simu ikikupa noti, kile kipimo cha mabaharia, zidisha kwa 1.85 upate kilomita.

Hatua ya pili: piga hesabu

Uzito wako kwa kilo, mara 2.5, gawa kwa kasi ya upepo kwa kilomita. Mimi nina kilo 70. Upepo wa 25 unanipa 7.0. Upepo wa 35 unanipa 5.0. Ni makadirio tu, tena ni ya mtu ambaye ubao wake tayari unateleza juu ya maji badala ya kuyapasua. Anayejifunza atumie dogo zaidi ya hapo, na ubao mnene.

Kuna jambo ambalo majedwali mengi hayasemi, kwa sababu yametengenezwa na watu wa baharini. Ziwa letu liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko ya Zanzibar. Kasi ni ileile, lakini msukumo ni pungufu. Hesabu ikikuweka kati ya matanga mawili, chukua kubwa. Ndiyo maana mimi natumia 7.3.

Hatua ya tatu: pengo

Hapa ndipo pesa hupotea. Watu huhesabu mita, wakati kinachohesabika ni sehemu ya tanga lenyewe. Kutoka 8 kwenda 9 ni nyongeza ya sehemu moja ya nane. Kutoka 4 kwenda 5 ni robo nzima! Kwa hiyo matanga makubwa yanaweza kuachana kwa mita moja na nusu, madogo yasiachane hata mita moja. Mwenye mawili tu, la pili liwe dogo kwa robo hivi: mimi 7.3 na 5.7. La tatu, kama 4.7, lisubiri mpaka daftari lioneshe unalihitaji.

Hatua ya nne: mlingoti na bumu (ule mti wa kushikia tanga)

Soma maandishi kwenye tanga, yanataja urefu wa vyote viwili. La 7.3 mara nyingi linataka mlingoti wa sentimita 460, la 5.7 wa 430. Baadhi ya matanga madogo yana mkanda juu unaoruhusu mlingoti mrefu uchomoze, utafute hayo uokoe gharama. Na pezi, lile la chini ya ubao: tanga kubwa, pezi refu. Penye magugumaji, weka lililolala nyuma, majani yateleze.

MASWALI

Mdau wa Igoma: Mkuu, mimi kilo 95. Hesabu ya upepo wa 25 imenipa 9.5, si nitaruka na tanga?

Jibu: Usinunue 9.5, kulinyanyua tu majini ni adhabu. Chukua 8.5 na ubao wenye lita nyingi (yaani mnene, unaoelea zaidi), usubiri upepo wa 28. Kumbuka pia maji baridi hayabebi kama ya chumvi, hivyo ubao uleule unazama kidogo zaidi huku.

Mama wawili: Mwanangu ana miaka 11, kilo 34. Nimpunguzie langu?

Jibu: Hapana dada, halipunguziki. Mtafutie la watoto, 2.5 hivi, lenye mlingoti mwembamba. Asitoke wingu jeusi likiwa limesimama, mlingoti unaita radi. Na akae mbali na matete, kichocho kipo.

Mdau wa Bukoba: Ya Mwanza yanafaa na huku?

Jibu: Hesabu ndiyo ileile, daftari ndilo lako. Nyie mko magharibi, upepo wenu wa mchana unatoka mashariki.

Fundi turubai: Nikishona mwenyewe?

Jibu: Kwa kujifunzia litakusogeza. Ila turubai ni bapa, na tanga la ubao limekatwa vipande vyenye mbinuko, na vijiti ndani vinavyoshika umbo. Ukivuta kamba ya chini kwa nguvu, juu kunalegea na kumwaga upepo wa ziada, na hivyo tanga moja linafaa upepo wa aina nyingi. Turubai halifanyi hivyo.

Mgeni wa Luchelele: Kaka, lile la 4.0 bado lipo? Nina kilo 52.

Jibu: Lipo, dada. Hesabu yako inalitaka upepo ukifika 32. Lina ufa mdogo chini, nimeuziba kwa stika. Njoo Jumamosi na gari refu kidogo, halikunjwi, linaviringishwa.