Stoo hailingani na leja (daftari la mzigo)? Soma tofauti kabla ya kurekebisha

Wakuu, hesabu ya mwisho wa mwaka hukuonyesha mzigo umepungua, lakini haikwambii umepungua lini. Hesabu kidogo kidogo, kila siku ya kazi.

1. Kwa kila bidhaa, zidisha idadi inayotoka kwa mwaka na bei ya kununulia, kisha zipange kuanzia yenye fedha nyingi. Kwa kawaida bidhaa chache, kama asilimia 20 hivi, hubeba karibu asilimia 80 ya fedha. Hizo zihesabiwe kila mwezi, za kati kila miezi mitatu, zilizobaki mara moja au mbili kwa mwaka.

2. Anza asubuhi kabla ya kupokea wala kutoa, karatasi za jana zikiwa zimeshaingizwa zote.

3. Anayehesabu apewe namba ya rafu, jina la bidhaa na kipimo tu. Akiiona idadi ya leja, atahesabu mpaka aifikie, basi.

4. Kwenye paleti (jukwaa la kupangia katoni), usizidishe tabaka kwa katoni kabla ya kuchungulia katikati; huwa kuna shimo. Katoni iliyobanduliwa gundi ifunguliwe.

5. Isipolingana, mtu mwingine arudie siku hiyohiyo. Ikigoma tena, tazama tofauti yenyewe. Katoni ikiwa na vipande 24 na tofauti inagawanyika kwa 24, huenda katoni nzima haikuandikwa, au imeandikwa mara mbili. Ikigawanyika kwa 9, shuku tarakimu zilizopinduliwa: 372 ikaandikwa 327, pengo 45. Pungufu 6 hapa na ziada 6 rafu ya jirani? Saizi zimechanganywa. Ukikosa dalili yoyote kati ya hizo, ndipo utafute mzigo uliotoka bila karatasi.

Swali: Mkuu, nikikuta ziada si nafuu?
Jibu: Hapana. Huenda ni mzigo wa mteja uliokatwa kwenye leja ila haujapakiwa. Ifuatilie kama upungufu.

Swali: Tuko wawili tu, anayetoa ndiye anayehesabu.
Jibu: Badilishaneni rafu. Marekebisho yasainiwe na mtu asiyeshika ufunguo wa stoo, mfano mhasibu.

Swali: Usahihi napimaje?
Jibu: Nafasi za rafu zilizolingana na leja gawa kwa zote zilizohesabiwa: 47 kati ya 50 ni asilimia 94. Usipime kwa jumla ya fedha peke yake, maana ziada ya huku hufuta upungufu wa kule. Ripoti inapendeza huku rafu zimevurugika.