Kuunganisha majaribio matatu ya tohara na VVU kwa kikokotoo cha simu

Kabla ya kugusa programu yoyote ya takwimu, unganisha majaribio machache kwa mkono. Mfano mzuri uko hapa nyumbani: jaribio la tohara na maambukizi ya VVU lililofanywa Kisumu, na mawili yanayofanana nalo, Rakai (Uganda) na Orange Farm (Afrika Kusini). La Orange Farm lilichapishwa 2005, mengine 2007.

Kwanza nakili namba. Walioambukizwa kati ya waliotahiriwa, kisha kati ya kundi la kulinganisha:

Kisumu: 22 kati ya 1,391, 47 kati ya 1,393
Rakai: 22 kati ya 2,474, 45 kati ya 2,522
Orange Farm: 20 kati ya 1,546, 49 kati ya 1,582

Watu wawili wanakili kila mmoja kivyake, ndipo walinganishe. Wakitofautiana, huenda ikawa ni Orange Farm: waliogawanywa kwenye makundi kwa kura ni 3,274, waliochambuliwa ni 3,128. Amueni mtatumia ipi kabla ya kuona majibu, si baada. Jaribio la Kisumu nalo lina ripoti za baadaye, za ufuatiliaji mrefu zaidi. Ukiziingiza kama jaribio jipya umewahesabu wanaume walewale mara mbili.

Usijumlishe 22, 22 na 20 ukagawanya. Kisumu walichukua vijana wa miaka 18–24, Rakai 15–49. Ukiwamimina kapu moja, kura iliyofanya makundi yafanane ndani ya kila jaribio inapotea.

Badala yake, pata uwiano wa hatari wa kila jaribio peke yake. Kisumu: 22/1,391 gawanya kwa 47/1,393 = 0.469. Chukua logi yake asilia (kitufe cha ln, si log, hapa wengi huteleza): −0.757. Kosa sanifu (kipimo cha jinsi makadirio yanavyoweza kuyumba) ni kipeuo cha pili cha 1/22 − 1/1,391 + 1/47 − 1/1,393, yaani 0.2555. Uzito ni 1 gawanya kwa mraba wa kosa hilo: 15.3.

Rakai utapata logi −0.696, uzito 15.0; Orange Farm −0.873 na 14.5. Angalia: Rakai ina watu karibu maradufu ya Kisumu, lakini uzito haupishani sana. Kinachobeba uzito ni idadi ya maambukizi, si idadi ya watu.

Zidisha kila logi kwa uzito wake, jumlisha, gawanya kwa jumla ya uzito (44.8). Jibu −0.774, bonyeza eˣ upate 0.46, uwiano wa hatari wa pamoja. Kosa sanifu la pamoja ni 1 gawanya kwa kipeuo cha pili cha 44.8, yaani 0.15, hivyo mipaka ya asilimia 95 (−0.774 ukitoa na ukijumlisha 1.96 × 0.15, kisha eˣ) ni 0.34 hadi 0.62.

I² (kipimo cha jinsi majaribio yanavyotofautiana kupita bahati tupu) hapa ni 0. Usishangilie, kwa majaribio matatu kipimo hicho ni dhaifu. Mchoro wa faneli wa kusaka tafiti zilizofichwa usiuchore kabisa chini ya tafiti 10.

Yote matatu yalisimamishwa mapema kwa sababu faida ilishaonekana, jambo linaloweza kukuza matokeo. Liandike kwenye ripoti.

Na 0.46 si "wanaume 54 kati ya 100 wamekingwa". Kwa namba ghafi za Kisumu, hatari ilishuka kutoka asilimia 3.4 hadi 1.6: takriban tohara 56 kwa kila ambukizo 1 lililozuiwa katika miaka 2.