Klachi ya mafuta: pedali inazama, gia zinagoma. Anza hapa kabla hujashusha giaboksi

Naandika hii baada ya kumsaidia jamaa aliyekuwa ameshaambiwa ashushe giaboksi, kumbe tatizo lilikuwa masta ya juu tu, ile silinda ya kwenye pedali inayosukuma mafuta ya klachi.

Kwanza jua unachotafuta. Ukikanyaga mafuta injini inanguruma ila gari haliongezi mwendo, hiyo mara nyingi ni pleti ya klachi imeisha, mwongozo huu hautakusaidia sana. Lakini kama gia zinagoma injini ikiwa inawaka, rivasi inakwaruza, halafu ukizima zinaingia laini kabisa, basi kuna uwezekano mkubwa klachi haiachii vizuri, twende.

1. Kikopo
Angalia kiwango cha mafuta ya klachi (ni mafuta ya breki hayohayo). Magari mengi klachi na breki zinatumia kikopo kimoja, na bomba la klachi hutoka juu zaidi, ndiyo maana mafuta yakipungua klachi inaweza kuondoka wakati breki bado zipo. Usijaze tu ukaondoka, hayo mafuta yameenda mahali!

2. Panapovuja
Ingiza mkono chini ya dashi, pale fimbo ya pedali inapoingia kwenye masta ya juu. Pakiwa na unyevu, umeshampata. Halafu nenda chini, funua kiraba cha vumbi cha masta ya chini, silinda ya kwenye giaboksi inayopokea mafuta na kuachisha klachi. Angalia na ile hosi ya mpira, mtu akanyage pedali uone kama inavimba. Kama masta ya chini iko ndani ya giaboksi na pale inapoungana na injini panadondosha mafuta ya breki, hapo hakuna namna, giaboksi itashuka.

Pakavu kote? Pampu pedali haraka haraka. Gia zikiingia baada ya kupampu, ni upepo umeingia kwenye mafuta, au sili (mipira ya kuzuia mafuta) za masta ya juu zinapitisha kwa ndani.

3. Kubadilisha
Nunua masta nzima, mimi ripea kiti (sili mpya za kufunga kwenye masta ya zamani) sizipendi, silinda ikishapata kutu au mikwaruzo sili mpya zinalika upesi. Na ukishafungua masta ya chini usiruhusu mtu akanyage pedali, pistoni itachomoka.

4. Kutoa upepo
Hapa ndipo watu wanakwama masaa, wanarudisha masta mpya dukani wakidhani ni mbovu.

Tumia mafuta yaliyoandikwa kwenye kifuniko. DOT ni daraja la mafuta ya breki: DOT 3 na DOT 4 zinachanganyika, DOT 5 ni silikoni, usiiguse. Oili ya injini itavimbisha sili zote, na kama kikopo ni kimoja umeharibu na breki. Chupa iliyokaa wazi muda mrefu tupa, mafuta haya yanavuta unyevu wa hewani. Yakimwagikia rangi ya gari mwaga maji hapohapo.

Spana iwe ya ringi, spana ya mdomo inakula kona za nati. Chomeka mpira mwembamba kwenye nati ya upepo, ile ndogo ya kutolea upepo kwenye masta ya chini, ncha nyingine izame kwenye chupa yenye mafuta kidogo. Msaidizi akanyage mpaka chini ashikilie, wewe fungua, funga, NDIPO aachie. Akiachia kabla hujafunga, upepo unarudi wote na mnaanza upya. Kikopo kisikauke hata mara moja.

Pedali bado laini? Usiendelee kupampu tu. Mara nyingi upepo umejificha kwenye kona ya juu ya masta ya chini kwa sababu nati haiko juu kabisa. Fungua masta hiyo kwenye boliti zake bila kuchomoa hosi, iinamishe mpaka nati iwe ndiyo sehemu ya juu kuliko zote, sukuma pistoni ndani taratibu kwa mkono uishikilie hapo, kisha legeza nati uache mafuta yashuke yenyewe kwa uzito wake huku ukiongeza kwenye kikopo, bila mtu kwenye pedali. Inachukua muda ila mimi naiamini kuliko pampu yoyote. Mapovu yakiisha funga nati, rudisha masta, pampu polepole.

5. Kujaribu
Washa, kanyaga mpaka chini, subiri kidogo, weka rivasi. Ikiingia bila kukwaruza, kaza kila kitu, na kesho yake angalia tena kikopo.