Kuhamia London: mambo ya kumaliza ukiwa bado nyumbani

Kila mwaka, hasa Septemba, napokea vijana kutoka Dar, Tanga na Unguja wanaokuja London kusoma au kufanya kazi. Wanalala kwangu siku mbili tatu, kisha tunaanza kuhangaika na karatasi. Baridi haijamshinda hata mmoja, maana koti linanunuliwa. Kinachowatesa ni yale ambayo wangeyamaliza kwa nauli ya daladala wakiwa kwao, na huku hayatengenezeki. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mwongozo huu ni ya miezi minne kabla ya safari.

Hatua ya 1: Majina

Tandika mezani pasipoti, cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha taifa (cha NIDA), vyeti vya shule na cheti cha ndoa kama unacho. Soma herufi kwa herufi. Kwetu mtu huwa Mohamed shuleni na Muhammad kwenye pasipoti, majina mawili huku na matatu kule, na karani anaelewa kuwa ni yuleyule. Ukishavuka, hakuna wa kukuelewa hivyo. Cheti cha kuzaliwa chenye kosa kipeleke mapema RITA, wanaosajili vizazi na vifo (Zanzibar wana ofisi yao ya usajili). Tofauti ndogo za vyeti vya shule, wakili akuandikie hati ya kiapo. Hati iliyo kwa Kiswahili itafsiriwe, na mtafsiri athibitishe kwa maandishi kuwa tafsiri ni sahihi, aweke jina, saini, tarehe na mawasiliano yake.

Hatua ya 2: Kipimo cha kifua na visa

Anayeomba kukaa Uingereza zaidi ya miezi 6 akitokea Tanzania lazima apimwe kifua kikuu kwenye kliniki iliyoidhinishwa. Dar es Salaam ni ya IOM, Shirika la Kimataifa la Uhamiaji. Cheti kinadumu miezi 6, kwa hiyo usikimbilie. Ila usichelewe pia: picha ya kifua ikitia shaka utatakiwa makohozi, na kuyaotesha maabara kunaweza kuchukua hata miezi miwili.

Mwanafunzi anayetakiwa kuonyesha fedha za kujikimu, fedha hizo zikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo. Salio likishuka chini ya kiwango hata siku moja, unaanza kuhesabu upya. Kuna pia ada ya afya: tangu Februari 2024 ni pauni 776 kwa mwaka kwa mwanafunzi na pauni 1,035 kwa mtu mzima wa visa ya kazi, nayo hulipwa ya miaka yote kwa mkupuo. Wenye visa ya wahudumu wa afya hawailipi.

Na hili nakuomba ulishike. Zile kadi za plastiki za ukaazi ziliisha mwishoni mwa 2024. Ruhusa yako sasa imo kwenye akaunti ya mtandaoni. Barua pepe na namba ya simu za akaunti hiyo ziwe zako mwenyewe, zisiwe za wakala. Mwenye nyumba na mwajiri watakuomba msimbo unaotolewa humo, na wakala asipopokea simu utabaki mlangoni na mabegi yako.

Hatua ya 3: Laini ya simu ya nyumbani

Mwaka wangu wa kwanza niliiacha laini yangu ikae bila kutumika mpaka ikafungwa. Siku nataka kutuma ada ya mdogo wangu kutoka akaunti yangu ya Tanzania, benki ikapeleka namba ya uthibitisho kwenye laini iliyokufa. Kuifufua kulitaka alama za vidole, na mimi niko Barking, mashariki mwa London. Mdogo wangu alikaa nyumbani wiki mbili, mpaka mjomba akakopa. Bado linaniuma.

Nunua simu inayobeba laini mbili. Kabla ya kuondoka, nenda dukani kwa mtandao wako wakufungulie huduma ya kutumia laini nje ya nchi, kisha kila mwezi itumie kidogo, hata ujumbe mmoja. Nenda pia benki, waeleze unahama. Na kama una kiwanja, mzigo bandarini au kesi ya mirathi, wakili akuandikie hati inayomruhusu mtu unayemwamini kutenda kwa niaba yako.

Hatua ya 4: Meno, miwani, chanjo

Jino lizibwe kwenu. Hapa kupata daktari wa meno wa huduma ya serikali kunataka subira. Pima macho, ubebe miwani ya akiba. Wenye watoto, kadi za kliniki zisibaki kabatini.

Hatua ya 5: Chumba

Usilipie chumba ambacho hakuna aliyekiona kwa macho. Kama huna ndugu wa kwenda, omba simu ya video ya papo hapo, mtu afungue bomba, aonyeshe dirisha na namba ya mlango. Kwa upangaji wa kawaida Uingereza, sheria ya 2019 imeweka kikomo: dhamana ya wiki 5 za kodi, na ya kushikia chumba wiki 1. Dhamana lazima iandikishwe kwenye mpango rasmi wa kuilinda ndani ya siku 30. Ukipanga nyumbani kwa mtu anayeishi humohumo, ulinzi huo wa mpango rasmi huupati, basi andikianeni kila kitu.

Kabla ya kufurahia kodi rahisi, piga hesabu ya nauli. Basi ni nafuu kuliko treni, na ukibadilisha basi ndani ya saa moja hulipi tena. Fedha taslimu hazipokelewi kwenye mabasi tangu 2014. Unagusa kadi ya benki au Oyster, kadi ya nauli ya London.

Hatua ya 6: Mzigo

Plagi ni zilezile za pini tatu bapa, kwa hiyo adapta hauhitaji. Nyama, maziwa, jibini na samli haviruhusiwi. Samli ya mama itaishia uwanja wa ndege. Karatasi halisi zikae begi la mkononi. Koti moja la kushukia linatosha, mengine utayapata kwenye maduka ya mitumba ya hisani.

Wiki ya kwanza

Jiandikishe kwa daktari wa mtaa hata kama hauumwi. Ni bure, na uthibitisho wa anwani si sharti. Miadi yote andika kwa tarakimu, 08:00 au 14:00, kwa sababu kichwa chako bado kinahesabu saa za Kiswahili. London iko nyuma yetu saa 3 majira ya baridi na saa 2 majira ya joto. Desemba jua huzama kabla ya saa kumi jioni. Ukitoka kazini saa kumi na moja kuna giza, na nyumbani tayari ni saa mbili usiku. Piga simu palepale kituoni, kabla mama hajalala.